Sindano ya santuri: dalili, sababu na dawa

"Sindano imekufa, nitafutie nyengine." Hayo ndiyo maneno wanayokuja nayo wengi wenye santuri hapa mjini, na aghalabu si kweli. Sindano ni chafu, au imewekewa uzito usioistahiki, au ni nzima kabisa na ugonjwa uko kwengine. Kwa kuwa sindano mpya kwa kawaida huagizwa nje na kungojewa, ni vyema mtu aujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Lakini upande wa pili nao upo: sindano iliyokufa kweli isiachwe kufanya kazi hata usiku mmoja, maana inachonga sahani. Sindano huagizwa. Sahani ya zamani ya taarabu utaiagiza wapi?

Ili tufahamiane: santuri hapa ni mashine nzima, na sahani ni ile inayozunguka, yenye mifereji. Mkono ni ule unaosogea juu yake. Kichwa ni kidude kilichofungwa kwenye ncha ya mkono, na chini yake kimetoka kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini. Sindano yenyewe ni chembe ya almasi iliyogandishwa mwisho wa kijiti hicho, ndogo kiasi kwamba jicho tupu linaona nukta tu. Mzizi wa kijiti umekaa kwenye kipete cha raba, na hapo hapo pana sumaku ndogo inayotikisika karibu na koili. Karibu kila ugonjwa nitakaoutaja unakaa katika mojawapo ya hivi: almasi, kijiti, raba, au nyaya za nyuma ya kichwa.

Safisha kwanza, halafu ndiyo uulize

Dalili yoyote utakayosikia, usikimbilie bisibisi. Safisha sindano, kisha sikiliza tena.

Uchafu wa hapa una tabia zake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na dari nyingi zimelala juu ya boriti za mikoko. Miaka ikipita chokaa hupukutika, ikashuka unga mweupe ambao huuoni mpaka upitishe kidole juu ya kifuniko cha santuri. Upepo wa baharini unaongeza chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Juu ya hayo kuna moshi wa udi na ubani, ambao huacha utando wa kunata juu ya kila kitu, sahani zikiwemo. Chokaa peke yake ingepeperuka kwa brashi. Chokaa iliyonata kwa moshi hugeuka ukoko wa rangi ya kahawia unaoishika almasi pande zote. Ndiyo maana hapa brashi ipite kabla ya kila upande wa sahani, si mara moja kwa wiki. Na siku ya kufukiza nyumba, funika santuri kwa kifuniko chake. Mwenye nyumba hataacha kufukiza kwa ajili ya sahani zako, na mimi simlaumu.

Vifaa si vingi. Tafuta brashi ndogo ya nyuzi laini, hata ile ya kuchorea rangi za maji, mpya. Kata kipande cha sponji nyeupe ya kufutia madoa ukutani, ile ya melamini. Lenzi ya kukuzia mara kumi anayo kila sonara, na ukimwomba kwa uzuri atakuazima dakika mbili. Ana na mizani ya kusoma vipande vya gramu, ambayo utaihitaji baadaye. Tochi ni ya simu yako.

Punguza sauti ya amplifaya mpaka mwisho. Pitisha brashi kutoka nyuma kuja mbele, yaani kutoka upande wa mkono kuelekea kwako unaposimama mbele ya santuri. Huo ndio mwendo wa sahani chini ya sindano, na kijiti kimetengenezwa kuvutwa kwa upande huo tu. Ukisugua kwenda nyuma au kushoto na kulia utakipinda, na kijiti kilichopinda hakinyooshwi.

Ukoko ukigoma, weka kipande cha melamini juu ya bamba la santuri iliyozimwa. Shusha mkono kwa wenzo wake hadi sindano izame kidogo kwenye sponji, kisha uinue moja kwa moja. Shusha, inua, mara tatu au nne. Usiivute sponji pembeni. Malizia kwa brashi, kwani melamini nayo huacha chembe.

Maji maji ni hatua ya mwisho. Ikibidi, tumia isopropili safi: lowesha ncha ya brashi, ikung'ute, gusa almasi peke yake, na uache ikauke. Tone likipanda juu ya kijiti litafika kwenye raba na gundi, na hapo ndipo sindano nzima inapogeuka kuwa mbovu kweli. Spiriti ya jiko hapana, manukato hapana. Dawa ya kutolea rangi ya kucha hapana kabisa, asetoni hula plastiki. Kuna na wanaopendekeza mafuta ya karafuu, kwa kuwa kisiwani kwetu karafuu ni jibu la kila swali. Mafuta hayo yanafaa kwa jino linalouma. Yana nguvu ya kulainisha baadhi ya plastiki, basi yakae mbali na santuri. Wala usipulize kwa mdomo, utaongeza mate juu ya vumbi.

Wimbo wa kwanza safi, wa tatu umefifia

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Inua mkono, tazama chini ya kichwa: utakuta bonge la nyuzi na vumbi limejikusanya kwenye sindano na kuinyanyua kutoka kwenye mfereji. Toa bonge, sauti itarudi. Lakini mgonjwa hapa ni sahani. Sindano imefanya kazi ya ufagio tu.

Sahani za plastiki, yaani za vinaili za mizunguko 33 kwa dakika na nyingi za 45, zioshe kwa maji yaliyokenekwa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mifereji kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kisha suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni. Maji safi ya kujazia betri ya gari yanafaa. Hakikisha ni maji na si asidi. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, yakikauka huacha kile kile unachojaribu kukitoa. Kanga kuukuu nayo haifai, huacha nyuzi.

Sahani za 78 ni jambo jengine kabisa. Zile alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kwa kampuni ya HMV huko Bombay kuanzia 1928 ni za shelaki, utomvu wa mdudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito na zinavunjika. Spiriti inayeyusha shelaki: mafundi seremala huiyeyusha hivyo hivyo kutengenezea polishi. Tone moja la spiriti au isopropili juu ya sahani hiyo linatosha kuharibu kipande cha wimbo kisichorudi. Kwa shelaki tumia kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji yale yale, usiguse karatasi ya katikati, na ikaushe papo hapo.

Herufi "s" na "sh" zinachanika, hasa mwisho wa sahani

Sauti ya mwimbaji ni nzuri mwanzo wa upande, lakini kadiri mkono unavyokaribia katikati, kila "sh" inatoka kama mchanga. Kuna sababu ya kimaumbile. Sahani ya 33 huzunguka kwa kasi ile ile, lakini mzunguko wa nje ni mkubwa na wa ndani ni mdogo. Kwenye ukingo sindano hupitiwa na kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde, na mwisho wa upande ni kama 21 tu. Mawimbi ya sauti yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na kosa dogo lililojificha mwanzoni linajitokeza.

Fuata mpangilio huu. Ikiwa umekwisha kusafisha na bado, pima uzito, yaani nguvu ambayo sindano inakandamizia sahani. Zima santuri, weka mizani ya sonara mahali pa sahani, juu yake ikae sawa na kimo cha sahani, kisha shusha sindano juu ya mizani. Kila kichwa kina kiwango chake. Ortofon 2M Red hutaka gramu 1.8, na mipaka yake ni 1.6 hadi 2.0. Audio-Technica VM95E hutaka 2.0. AT3600L, kile kichwa kilichojaa kwenye santuri za bei nafuu, hukaa vizuri kwenye gramu 3 hadi 3.5. Watu wengi hudhani kupunguza uzito ni kuihurumia sahani. Ni kinyume chake: sindano nyepesi mno haishiki kuta za mfereji, inadundadunda, na kila dundo ni jeraha. Ikiwa uko kwenye mpaka wa chini, panda kidogo kuelekea mpaka wa juu, usiuvuke.

Uzito ukiwa sawa, tazama kichwa kutoka mbele. Kimesimama wima au kimeinamia upande? Kisha kutoka juu: kimenyooka ndani ya ganda lake, kile kibebeo kinachokishika kwenye mkono, au skrubu zimelegea kikageuka? Kuna karatasi za kupimia zinazochapishwa, zenye nukta mbili ambazo kijiti lazima kilingane na mistari yake. Inachukua nusu saa na subira.

Hayo yote yakiwa sawa na "sh" bado inachanika, jaribu sahani nyengine unayoijua kuwa safi. Ikichanika moja tu, daima mahali pale pale, sahani hiyo ilikwisha kuchongwa na sindano mbovu ya mtu mwengine zamani. Hakuna dawa. Zikichanika zote, nenda kwenye sehemu ya sindano iliyokufa, hapo chini.

Inaruka, au inarudia mstari mmoja

"Fundi, mbona sahani ya Kihindi inaruka na ya Kimisri hairuki?"

"Basi sindano yako nzima, mzee. Niletee hiyo ya Kihindi niitazame."

Sahani moja ikiruka mahali pamoja, ina mkwaruzo au imepata tone la kitu kilichoganda. Mulika tochi kwa pembeni utaona. Zikiruka zote, chunguza uzito kwanza, halafu kirekebisho cha mvuto unaoupeleka mkono katikati, ile nambari ndogo karibu na mguu wa mkono: kwa kawaida huwekwa sawa na gramu za uzito. Mkono ukikimbilia katikati kwa kuteleza juu ya sahani bila kushika mfereji wowote, tazama kwa lenzi. Pengine almasi haipo tena na kijiti kinatembea kwa ncha tupu. Inua mkono upesi.

Kisha kuna sakafu. Ghorofa za juu za nyumba zetu kongwe zimebebwa na boriti, na mtoto akikimbia ukumbini santuri inacheza. Hapa hakuna sindano itakayokusaidia. Toa santuri kwenye meza, ifungie rafu kwenye ukuta mnene wa mawe, na upime usawa wake kwa pimamaji ya fundi mwashi. Pia usiiweke juu ya spika. Hili nalirudia kila mara na kila mara nalikuta.

Upande mmoja hausikiki

Sindano ndiyo isiyostahiki lawama hapa, ila kwa nadra. Hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Zima amplifaya, toa ganda la kichwa, na pangusa pini zake kwa kitambaa chenye isopropili kidogo. Hapa isopropili inaruhusiwa, ni chuma kwa chuma. Nyuma ya kichwa kuna nyaya nne nyembamba kama uzi: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Vuta viunganishi vyake taratibu kwa koleo ndogo, kimoja kimoja, uvirudishe. Mara nyingi kule kuvuta na kurudisha peke yake kunakwangua kutu na sauti inarudi. Ikibaki kimya, badilisha waya za kushoto na kulia nyuma ya amplifaya. Ukimya ukihama upande, tatizo liko kwenye santuri au waya zake. Ukibaki ulipo, tatizo ni amplifaya au spika.

Mvumo wa chini usiokoma kwa kawaida ni waya wa ethi uliochomoka. Ufunge kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya.

Sahani ya 78 inatoa sauti nyembamba yenye mchakacho mwingi

Umetumia sindano isiyo yake. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano ya duara ya sahani za 33 ina nusu kipenyo cha mikroni 15 hadi 18 hivi. Ya 78 ina kama 65 hadi 76. Ile ndogo inazama hadi chini ya mfereji, inasaga takataka zilizokaa humo miaka themanini, na kuta zenye sauti inazigusa kwa bahati tu. Ukiwa na kichwa cha jamii ya VM95, jambo ni rahisi: sindano zote za jamii hiyo huingia kwenye mwili mmoja, na VMN95SP imetengenezwa kwa ajili ya 78, kwa uzito wa gramu 5. Unachomoa moja, unaingiza nyengine, unabadilisha uzito. Usisahau kuurudisha.

Gramafoni ya kuzungusha mpini ina sheria zake. Sindano yake ya chuma haisafishwi. Hupiga upande mmoja na kutupwa. Ule unga wa mawe ndani ya shelaki uliwekwa makusudi uinoe sindano ikae kwa umbo la mfereji, na ikifika mwisho wa upande imekwisha kuwa patasi. Na sahani ya 33 isikaribie mashine hiyo hata kwa mzaha: kichwa chake hukandamiza kwa zaidi ya gramu 100.

Tumbo la kichwa linagusa sahani

Uzito ni sahihi, lakini kijiti kimelala na kichwa kinasugua sahani. Raba imechoka. Joto huizeesha, na sindano iliyokaa kabatini tangu miaka ya sabini inaweza kuwa na almasi mpya na raba iliyokufa. Wakati mwengine huwa kinyume, raba imekauka ikawa ngumu, na sauti nzito zinaifanya sindano iruke. Zote mbili hazitengenezeki nyumbani.

Nyimbo zote zinaburura

Si sindano. Ni mkanda uliolegea, au santuri imetoka Marekani. Huko umeme ni mizunguko 60 kwa sekunde, hapa ni 50, na mota inayotumia umeme wa ukutani kama ulivyo hufuata mizunguko hiyo. Transfoma hushusha volti tu. Sahani ya 33 itazunguka kama 28, na mwimbaji wa kike atasikika mwanamume.

Sindano iliyokufa kweli

Kwa lenzi na tochi, almasi nzima ni mviringo laini. Iliyokwisha huonesha vibapa viwili vinavyong'aa pande zake, pale inaposuguana na kuta za mfereji. Lenzi ya sonara huonesha ile iliyokwisha vibaya. Iliyoanza tu inataka hadubini, ya skuli inatosha. Kwa hiyo hesabu saa pia. Audio-Technica hukadiria saa 300 kwa almasi yenye ncha ya duaradufu, 500 kwa ya duara, na 1,000 kwa ile ya microline, iliyochongwa nyembamba zaidi. Upande wa sahani ya 33 ni kama dakika ishirini, hivyo saa 500 ni pande 1,500: anayesikiliza upande mmoja kila usiku ana miaka minne. Sindano za yakuti, zinazokuja na santuri za sanduku, hufa mapema zaidi kwa mbali. Na hesabu hizo zote ni za sahani safi. Chokaa na mchanga huzipunguza.

Kabla ya kuagiza, piga picha nambari iliyo kwenye mwili wa kichwa, si ya santuri. Vichwa vyengine viliachwa kutengenezwa. Kampuni ya Shure iliacha mwaka 2018, lakini Jico ya Japani bado huchonga sindano za kuvitoshea vichwa vyake. Bei ikiwa ya kushangaza kwa urahisi wake, umeuziwa yakuti, au almasi iliyogandishwa kombo. Itazame kwa lenzi kabla hujaishusha juu ya sahani unayoipenda.

Akiba moja inatosha, kwani raba huzeeka hata ndani ya boksi. Ihifadhi kwenye kopo la kufunga barabara pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, khasa wakati wa masika. Ile iliyo kwenye mkono ivishe kifuniko chake kila unapomaliza. Na siku unapofunga mpya, andika tarehe kwenye kipande cha plasta na ukibandike chini ya santuri, pamoja na gramu zake.